Jina Lako Juu ya Mlango wa Wodi

Mpendwa Mama,

Huko uliko sijui kama watu huulizana habari za afya, kwa hivyo nitaruka hapo niende moja kwa moja kwa kilichonikalisha chini niandike. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki ya wajawazito katika hospitali yako ya zamani, nikakuta jina lako limepakwa rangi ya dhahabu juu ya mlango. "Chumba cha Sista Esta." Nikasimama pale na tumbo langu kubwa, kichefuchefu kikanipanda. Mwanzoni nilidhani ni mimba. Lakini mimba hii ilishapita miezi ya kutapika, Mama. Ilikuwa ni ile rangi.

Chumba chenyewe unakijua. Ni kile kidogo mwisho wa wodi ya kujifungulia, ambacho zamani kilijaa vitanda vilivyovunjika miguu na madumu matupu ya dawa ya kuua wadudu. Wewe na Akinyi, yule mfagizi wa wodi aliyetoka upande wa ziwani, mlikisugua kwa mikono yenu mpaka sakafu ikaonyesha ilikuwa nyekundu. Siku hizo hakuna mkubwa aliyejua kama chumba hicho kipo. Leo wanakipiga picha.

Haya yote unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaseme, kwa sababu kila anayeyasema siku hizi huyasema kwa faida yake.

Nakumbuka jioni uliyorudi kutoka kwa ile semina ya Kericho mjini. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni katika shule ya msingi iliyo chini ya hospitali, tukiishi wawili katika nyumba ya wafanyakazi, na mvua ya mawe ilikuwa imepiga mabati mchana kutwa. Uliingia umebeba viatu mkononi na fulana nyeupe begani. Fulana iliandikwa "NINAWEZA" kifuani. Nikakuuliza unaweza nini. Ukasema, "Sijui bado. Hawakumaliza kuandika."

Tulicheka, lakini sababu ya ile semina haikuwa ya kuchekesha. Daktari mmoja alikuwa amefungua kliniki yake ng'ambo ya barabara, yenye vigae sakafuni na televisheni ya rangi mahali pa kungojea, na wagonjwa walikuwa wanavuka. Mkurugenzi wenu aliingiwa na baridi. Jina lake silitaji. Mwenyewe angefurahi mno kutajwa. Akamleta mtaalamu kutoka Nairobi, akawakusanya hotelini, mkaambiwa kwamba hospitali itashinda ikiwapa wafanyakazi wake nguvu ya kuamua. Mkaambiwa pia kwamba tangu siku hiyo hakuna mgonjwa, kuna mteja. Uliinua mkono. Uliniambia maneno uliyomjibu yule mtaalamu, na nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi: "Mteja ni wa dukani. Anayevuja damu ni mgonjwa." Wenzako walikanyagana miguu chini ya meza wasicheke.

Ila wewe ulikuwa mtu wa kulichukua neno kwa uzito wake. Wengine waliifanya ile fulana kitambaa cha kupangusia baiskeli. Wewe ulikaa jikoni na kikombe chako, ukasema, "Kama wamesema niamue, basi kuna jambo moja nitaliamua." Sikuuliza ni lipi. Nilijua unamfikiria yule msichana wa Siongiroi.

Alikuwa amejifungua kifungua mimba wake salama asubuhi moja, siku chache kabla ya ile semina. Mama mkwe wake na bibi mwingine wa ukoo, kogo kama yeye, walikuwa wamesimama langoni tangu alfajiri, na askari alikuwa amewaambia wangoje saa ya kuona wagonjwa. Sisi Wakipsigis tunajua kilichowasimamisha pale. Mtoto wetu habandikwi jina, huitwa. Kina kogo hukaa naye wakitaja waliotangulia, mmoja mmoja, taratibu, na mtoto akipiga chafya, basi aliyetajwa ameitika na amerudi nyumbani. Mtoto asiyeitwa anaogopewa. Watu husema atalia bila kunyamaza, kwa sababu kuna mtu amesimama mlangoni na hajakaribishwa. Yule msichana alijua anangojewa. Alimfunga mtoto kwa leso akapitia mlango wa jikoni, akaondoka na damu yake ambayo hakuna aliyekuwa ameiangalia mara ya pili. Walimrudisha kwa pikapu ya maziwa. Mtoto alikuwa mzima. Yeye alikufia mikononi mwako.

Ulirudi nyumbani ukaosha viatu kwenye tangi, ukaviosha tena. Ulisema, "Hakutukimbia sisi. Alikimbilia jina la mtoto wake. Na jina tungeweza kumpa hapa hapa."

Ndicho ulichoamua, basi, siku ulipopewa nguvu. Kina kogo waingie saa yoyote. Wanawe mikono, wavae gauni la hospitali, wawe wachache, na ugoro wao waache kwa askari langoni, maana wengine huko vijijini humnusisha mtoto kidogo ili chafya ije haraka. Hapo hukutaka mchezo. "Pua ya mtoto wa jana si bomba la moshi," uliwaambia, na wale wazee wakacheka wakatoa vikopo vyao vya ugoro. Mama mzazi alibaki kitandani ukimwangalia damu yake, na mtoto akaitwa katika kile chumba kidogo, hatua chache kutoka pale alipolala. Nilipita siku moja kukuletea maziwa nikasikia sauti zao nyuma ya ule mlango, za chini chini, wakitaja mtu baada ya mtu, kisha chafya ndogo kama ya paka, kisha vicheko. Ulikuwa umeegemea ukuta nje na macho yamekujaa machozi. Ulinikemea nisikutazame.

Wanawake walikuja, Mama. Walikuja kutoka Ndanai na kutoka huko chini kabisa Chepalungu, wakaipita kliniki yenye televisheni bila kugeuza shingo. Hapo ndipo mkurugenzi alipogundua kwamba wodi yako ipo. Alikuja na kalamu mfukoni na tabasamu, akakuambia mbele ya Akinyi, "Sista, hii ndiyo kitu inatuweka mbele ya wale wa ng'ambo. Wewe ndiye mwenye wodi. Amua, mimi niko nyuma yako." Baada ya wiki chache bango likasimamishwa barabarani: "Jifungue Hapa, Mtoto Aitwe Hapa." Ulilitazama ukasema wameliweka mahali linazuia madereva kuona kona. Kwako wodi ilikuwa imepata kitu kimoja tu, kwamba hakuna aliyetoroka tena kupitia jikoni.

Sasa nije kwa ile Alhamisi.

Nilikuwa nimekuja saa ya chakula cha mchana na mursik yako, maziwa yale ya kugandisha, kwenye kibuyu. Wageni wa bodi walikuwa njiani, wanakuja kujionea jinsi wafanyakazi walivyopewa nguvu. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amejifungua. Mtoto aliyekuwa wodini ni mmoja, wa kike, wa mama mmoja mnyamavu wa Ndanai, na huyo alikuwa ameshaitwa tangu juzi yake. Alipiga chafya kwa jina la nyanya wa baba yake, na kogo aliyeliita alilia. Mkurugenzi akaingia ananukia sabuni.

"Sista, si huyu mtoto yuko? Waite wamama warudie. Ni kitu ya dakika mbili."

"Huyu ameshaitwa," ulisema. "Na aliyeitwa ameitika."

"Wageni hawajui hiyo."

"Mtoto anajua. Na huyo nyanya yake anajua."

"Nyanya yake amekufa, Sista."

"Ndiyo maana," ukamwambia.

Hakuelewa. Alicheka kile kicheko chake cha puani, akasema kama mtoto atakataa kupiga chafya, ugoro si uko kwa askari? Nilikuona ukiweka chini kibakuli ulichokuwa umeshika. Ukamjibu polepole, kwa ile sauti yako ya kumwambia mtu habari mbaya, "Mlituambia tuamue. Nimeamua. Hapana." Na yeye, mbele ya mama mzazi aliyelala pale, akasema, "Kuamua ni kuamua vitu ya kusaidia hospitali. Hiyo nyingine inaitwa kiburi." Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilishuhudia wakikuvua mchana kweupe ile waliyokuazima hotelini.

Ukaambiwa utoke wodini uende ukangoje kwenye kamba za kuanikia mashuka. Mkurugenzi akaokota wanawake wawili waliokuwa wanauza kabichi langoni, hata si wa ukoo wa yule mtoto, akawavika ngozi. Ngozi zenyewe, Mama, zilikuwa za shule yangu, zile za watoto kuchezea kwenye tamasha la muziki. Alimtuma dereva akaziazima kwa mwalimu mkuu, bado zina namba nyuma. Akinyi aliambiwa ambebe mtoto. Alikunja mikono. "Mimi ni Mjaluo," alisema, "lakini hata kwetu jina ya mtu amekufa haichezewi." Akatoka akaja kusimama na wewe.

Mimi nilibaki mlangoni, kwa hivyo niliona. Wageni waliingia wamevaa magauni meupe, wanatembea kwa vidole wakidhani wamo kanisani. Wale wanawake walitaja majina yaliyowajia, na nadhani moja lilikuwa la ng'ombe. Mtoto alilala tu. Mkurugenzi akamkonyeza askari, na kidole chenye ugoro kikapita chini ya pua ya yule malaika. Alipiga chafya, akapiga tena, akapiga bila kupumzika, uso ukawa mwekundu, akatapika maziwa ya mama yake juu ya ngozi ya shule. Wageni walipiga makofi. Kitandani kwake, mama yake aligeuka akaelekea ukuta na leso imemfunika kichwa, na mabega yalikuwa yanatikisika. Bwana mmoja mnene wa bodi aliuliza kama wanaweza kurudia, maana kamera yake ilikuwa haijawa tayari.

Nimeona uchafu mwingi katika maisha yangu, nimeona hata vyoo vya shule wakati maji yamekatika. Sijaona kitu kichafu kuliko chumba kile mlichokisugua nyinyi wenyewe.

Uliposikia mtoto analia ulirudi bila ruhusa ya mtu, ukapita katikati ya wageni, ukamchukua, ukamsafisha pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mkurugenzi akawageukia wageni na kuwaambia, "Mnaona? Hata hatuhitaji kuwaamrisha." Nao wakapiga makofi tena.

Jumatatu iliyofuata ulipelekwa kufua. Muuguzi mkunga ambaye nusu ya watoto wa darasa langu walipitia mikononi mwake, akapewa chumba cha mashuka na pasi ya makaa. Akinyi akapelekwa vyooni, ingawa baadaye walimrudisha wodini kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kusugua. Nilikuja juu, nikasema nitaandika kwa bodi, nitasimama kanisani niseme. Ulinizuia kwa jicho. "Shuka halina jina, Chebet," uliniambia. "Linafuliwa, linakauka. Niache nipumzike hapa." Ulizeeka kwenye mvuke ule, Mama. Mikono yako iliyokuwa laini kwa ajili ya watoto ikapasuka kwa sabuni. Na mkurugenzi alikuwa anaalikwa katika hospitali nyingine kufundisha namna ya kuwapa wafanyakazi nguvu.

Kwenye mazishi yako alisimama na suti nyeusi akasema, "Tulimpa Sista Esta nguvu, naye akazitumia vizuri." Nilikuwa nimeshika udongo wa kukutupia. Mke wa mchungaji alinishika kiwiko, akanong'ona, "Chebet, udongo ni ya mama yako, usiipoteze." Ndiyo sababu hakupata udongo usoni. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kutii.

Sasa nimeolewa huku Siongiroi, na mimi ndiye ninayengoja. Miguu imevimba, kichwa kinagonga, na muuguzi wa zahanati yetu amenipima presha akakunja uso. Amesema nisithubutu kujifungulia nyumbani, na kwamba nikishajifungua nitalazwa siku kadhaa wakinichunga. Ile kliniki ya ng'ambo ina vigae lakini haina chumba cha upasuaji, na kogo akionekana anaonyeshwa lango. Njia imebaki moja, nayo inaelekea kwenye mlango wenye rangi ya dhahabu.

Nilijaribu kuichukia ile wodi yote nikashindwa, na hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Ni pazuri, Mama. Wasichana uliowafundisha wananawa mikono yao namna ile ile, hadi kwenye viwiko. Wanamwangalia mama damu yake, kisha wanarudi kuiangalia tena. Ugoro unaachwa langoni. Walikufukuza wewe wakabaki na mikono yako, na sasa wanakula matunda yake, na mimi mwanao nitakwenda kuyala pia kwa sababu sitaki mtoto wangu azikwe pamoja na mama yake. Akinyi aliniona nimesimama na hasira zangu, akaniambia, "Usikasirikie kitanda, mtoto wangu. Kitanda ni ya mama yako." Nikaona amesema kweli. Basi kitanda nimekubali.

Lakini wakati nazungumza na Akinyi, mkurugenzi akapita. Amenenepa. Alinitambua, akaninyooshea mikono yote miwili kana kwamba mimi ni jamaa, akalitazama tumbo langu namna wakulima wanavyotazama ng'ombe wa mtu. "Mjukuu wa Sista," alisema. "Aitwe katika chumba ya Sista, kwa jina ya Sista. Nitaleta mpiga picha kutoka gazeti. Wale wa ng'ambo watafunga." Nikamwambia nitatapika. Alidhani ni hali yangu, akamwita Akinyi alete karai.

Mama mkwe wangu, Bot Kipkoech, ni mtu mpole lakini si wa kuchezewa. Nilipomweleza alisema, "Mpiga picha niachie mimi." Namwamini, amewahi kumfukuza kwa mwiko chui aliyevamia mbuzi. Lakini kuhusu jina lako amekataa kusogea. Mtoto hawezi kulala wodini siku zote hizo bila kuitwa, anasema. Wataita waliotangulia wa upande wao kwanza, na wakinyamaza, atakuita wewe. Aliahidi kaburini mwako na jina lako ameshaliweka mdomoni. Nikamsihi aliruke. "Chebet," alisema, "mimi kazi yangu ni kuita. Kuitika ni ya mama yako. Ongea na yeye."

Ndiyo sababu naongea na wewe.

Najua tabia yako. Mgonjwa akisema "Sista" hata kwa sauti ya mbu, uliinuka, hata kama tonge lilikuwa mdomoni. Uliinuka siku ile kwa mtoto wa Ndanai, wakayapigia makofi hata mapenzi yako. Ukiitika katika chumba kile, wawe na picha au wasiwe nayo, chafya hiyo itafika ofisini kabla mtoto hajapanguswa pua, na kabla ya wiki kuisha itakuwa barabarani kwenye bango. Walikutumia ukiwa hai, wakakutumia kwenye jeneza. Sitaki wakutumie na ukirudi.

Kwa hivyo, Mama, wakikuita pale, nyamaza. Sijawahi kukuomba uninyime kitu, nakuomba sasa. Acha mtoto alale amekunja ngumi zake, kina kogo wachoke wanywe uji wao, yule bwana angoje nje ya mlango mpaka miguu imuume. Nitambeba mjukuu wako nirudi naye Siongiroi hana jina, na majirani waseme wanavyotaka. Nitakaa naye jikoni karibu na moto, Bot Kipkoech atafunga mlango, atakuita kwa sauti ya chini, bila mgeni yeyote.

Hapo uje.

Ni mimi binti yako, mama mtarajiwa,
Chebet